Ladislaus na Mablanketi ya Farasi

Ladislaus alikuwa mtu wa Mugamba, kule juu Burundi ambako ukungu haushuki mlimani mpaka jua likasirike. Tangu ujana alichunga ng'ombe wa parokia. Farasi hakuwahi kumwona kwa macho, isipokuwa katika picha ya mtakatifu mmoja iliyotundikwa sakristia, na hata huyo miguu yake ya nyuma ilikuwa imeliwa na mchwa. Vita vilipopanda hadi kwao, alifunga mlango akaondoka na mkewe Libérate na binti yao Iteka. Walipita Tanzania, wakapita Malawi na Msumbiji, na mwaka wa tisini na saba wakaingia Durban. Aliyekuwa nao njia nzima ni Onesphore, mdogo wake Libérate. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Iteka alipochoka kutembea, mabega aliyopanda yalikuwa ya mjomba wake.

Walipata chumba Overport, ghorofa ya juu, choo cha kushirikiana. Libérate aliingia kusuka nywele saluni kwa Félicité, mama mmoja Mkongomani. Wanaume wawili walivaa vizibao vya njano wakalinda magari mbele ya maduka, kama Warundi na Wakongomani wengi wa siku zile. Onesphore kazi hiyo aliiweza. Aliwasalimu watu kwa Kiingereza, akaokota Kizulu, alijua mama yupi ana mgongo mbaya na anahitaji kubebewa mifuko. Ladislaus hakuiweza. Alikuwa anasimama pembeni ya robot, yaani taa za barabarani, kama mgeni aliyekosea mlango wa harusi, na watu walikuwa wanaondoa magari yao bila kumwona.

Basi padre wa mjini akamwambia jambo. Kulikuwa na mwanamke Mzungu huko juu kwenye vilima, nyuma ya Pinetown, anatafuta mtu asiyeogopa wanyama wakubwa.

"Ng'ombe sikuogopa," alisema Ladislaus.

"Hawa si ng'ombe," alisema padre.

"Wana miguu mingapi?"

Padre akacheka, akaandika anwani.

Mwanamke huyo aliitwa Thorne, nao wote pale walimwita Madam. Alikuwa mjane, mrefu, mchache wa maneno, mwenye mikono iliyopasuka kama ya mkulima. Shamba lake lilikuwa na farasi wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa wa watu wa mjini waliokuja kuwapanda Jumamosi. Hao walikaa ndani ya mabanda ya matofali, kila mmoja na mlango wake. Wa pili walikuwa wazee wanne, wake mwenyewe, ambao hakuna aliyewapanda tena na Madam hakuwa na moyo wa kuwapeleka wakauawe. Hao waliishi nje, kwenye uwanja wa majani wa chini karibu na kijito, na kibanda cha bati cha kujikinga.

Mkuu wa wachunga farasi alikuwa Mzulu wa makamo, Bhekani Ngidi. Siku ya kwanza alimtazama Ladislaus kutoka viatu hadi kofia, akamuuliza anakotoka. Walipokosa Kiingereza cha kutosha walijaribu lugha zao. Ngidi akasema *umuntu*, na Ladislaus akasema kwao pia mtu ni *umuntu*. Ngidi akaonyesha ndoo akasema *amanzi*. Ladislaus akasema *amazi*. Ngidi akatikisa kichwa, akamkabidhi koleo la kuzolea samadi. Urafiki wao ulianzia hapo.

Jambo la kwanza ambalo Ngidi alimfundisha ni kutokuwa na haraka ya blanketi. Mwezi wa tano unapoanza, huku chini mjini watu bado wanaoga baharini, lakini kule vilimani umande wa asubuhi unauma vidole. Wenye farasi, wakishavaa sweta, wanataka na farasi wao avae. Wanapiga simu: mfunike, baridi imekuja.

"Usiiulize ngozi yako," Ngidi alikuwa akisema. "Iulize yake."

Akamwonyesha namna ya kuingiza mkono chini ya manyoya ya shingo na nyuma ya bega, na kushika sikio pale linapoota. Farasi mwenye afya, ukimwacha, manyoya yake yatanenepa yenyewe kabla ya baridi kali. Ukimfunika mapema, mwili unasahau kazi yake. Tena usimfunike farasi aliyelowa. Jasho chini ya blanketi, upepo ukigeuka, ni sawa na kumviringisha mtu shuka la maji. Ila mzee, yule ambaye meno yamekwisha na mbavu zinahesabika, au yule aliyenyolewa manyoya, huyo hasubiri wenzake.

"Na utajuaje siku yenyewe?" Ladislaus aliuliza.

"Hutajua," alisema Ngidi. "Utaamua tu, halafu asubuhi utaambiwa."

Mwaka huo wa kwanza Ladislaus alitazama tu. Kila jioni Ngidi na Madam walisimama kwenye ua wakibishana juu ya mawingu. Mwaka uliofuata walianza kumuuliza na yeye, na alishangaa kuona kwamba ana la kusema. Baridi alikuwa anaijua. Alizaliwa ndani yake.

Kati ya wale wazee wanne mmoja alikuwa jike mweupe, jina lake la Kiingereza hakuna aliyelikumbuka isipokuwa Madam. Wengine walimwita Gogo, yaani bibi. Banda hakulitaka. Ukimfungia ndani alipiga mlango kwa kwato mpaka miguu itoke damu, kwa hiyo alilala nje, mvua inyeshe isinyeshe. Alikuwa anamng'ata kila mtu. Isipokuwa Ladislaus. Jioni, akimfunga mikanda ya blanketi, alimsemesha Kirundi, akimtajia majina ya ng'ombe aliowaacha Mugamba, mmoja mmoja na rangi yake, na Gogo alisimama ameinamisha sikio moja. Pengine ilikuwa sauti tu. Lakini tangu avuke mpaka, Ladislaus alikuwa hajayataja majina hayo mbele ya mtu yeyote, hata Libérate.

Alilala shambani wiki nzima, akashuka mjini Jumapili. Onesphore alikuwa akimpokea mlangoni huku ameziba pua.

"Shemeji, unanuka kama gunia la mwaka jana!"

"Ni harufu ya kazi."

"Kazi ya kumvalisha mnyama nguo." Onesphore akamgeukia dada yake. "Mama Iteka, unamsikia mume wako? Wiki hii wamekaa mkutano, yeye na Mzungu na Mzulu, kuamua kama farasi anasikia baridi."

"Na waliamua nini?" Libérate aliuliza toka jikoni.

"Waliamua wangojee hadi Jumatano."

Walicheka wote, Iteka akiwa magotini kwa mjomba wake. Libérate alicheka pia, lakini akaongeza, "Mimi wananingojesha siku sita. Afadhali ningekuwa na mkia." Ladislaus alikuwa mtu ambaye maneno mazuri yalimjia baadaye, akiwa peke yake njiani.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na nane. Ngidi alikuwa amekwenda Ixopo kumzika dada yake. Madam alikuwa Pietermaritzburg kwa mambo ya macho yake, amelala kwa ndugu. Shambani walibaki Ladislaus na Ernestina, mama wa Msumbiji aliyepika na kufua nyumbani kwa Madam. Usiku wa siku hizo ulikuwa wa baridi kali. Uwanja wa chini uliamka mweupe kwa barafu nyembamba, na wazee wanne walivaa mablanketi yao mazito ya turubai kila jua linapoinama.

Siku hiyo kukapambazuka kukiwa na joto. Kuna upepo kule unaotoka milimani, unakuja katikati ya majira ya baridi kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Majani yalikauka yakilia. Vumbi liliingia mdomoni. Ladislaus aliwavua farasi wote asubuhi, akawajazia maji, na hadi mchana walikuwa wamesimama chini ya miti vichwa chini, shingo zinang'aa jasho.

Ernestina alitoka uani na kitambaa cha maji kichwani. "Upepo huu ni mwongo," alisema. "Umebeba baridi mgongoni."

Ladislaus alijua. Ngidi alikwisha kumwambia: upepo wa moto ukiisha, unageuka kutoka baharini, na joto lote linaondoka mara moja. Ila unaweza kugeuka jioni ileile, unaweza kugeuka kesho kutwa. Kazi ya siku kama hiyo ni moja tu: kukaa. Unakaa nao, mablanketi yako juu ya ua, na upepo ukigeuka unawafuta jasho, unawafunika.

Mchana ulipoanza kupungua, simu ya nyumbani ikalia. Ernestina akamwita.

Alikuwa Libérate, anapiga kutoka kibanda cha simu karibu na saluni. Nyuma yake kulikuwa na kelele za barabara.

"Papa Iteka, wamempiga Onesphore."

"Nani?"

"Sijui. Watu. Wamesema hapo pa kuegesha magari ni pao. Wamempiga kichwa na chuma. Iko hospitali, hasemi. Njoo."

"Niko peke yangu huku."

Kisha Libérate akasema polepole, kama anamsemesha mtoto, "Na mimi niko na nani?"

"Nakuja," alisema Ladislaus.

Alipiga namba ambayo Madam aliiacha. Simu ililia kule, ikalia, hakuna aliyeshika. Akapiga tena. Akamgeukia Ernestina.

"Mama, upepo ukigeuka, utaweza kuwafunika wale wa chini? Ni mikanda mitatu tu. Nitakuonyesha."

Ernestina alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi? Yule mweupe aliniuma bega, alama iko mpaka leo. Wa ndani nitawatazama. Maji nitawapa. Lakini kuingia kule kwa wale, hapana, mwanangu. Samahani. Naogopa."

Hakumlaumu. Wa mabandani hawakumsumbua. Aliwafungia, upepo usiwafikie. Akateremka hadi uwanja wa chini, mablanketi manne mabegani. Joto lilikuwa halijapungua hata kidogo. Wawili walikuwa bado na nyama mwilini. Hao aliwaacha wazi. Wa tatu alikuwa amezoea kujikinga kibandani, naye akamwacha. Akabaki Gogo.

Aliingiza mkono chini ya manyoya ya shingo yake. Moto. Mkono ulitoka na unyevu. Kwa saa ile hakupaswa kufunikwa na chochote. Lakini akamtazama mbavu, akamtazama mifupa ya nyonga iliyosimama kama pembe za meza, akafikiria baridi ya alfajiri za siku zile, na kwamba hapatakuwa na mtu wa kumfunika. Akimwacha wazi na upepo ukageuka usiku huu, mwili ule hauna cha kujifunikia. Akimfunika sasa, atachemka. Alisimama pale, upepo unampiga usoni, na kaka wa mkewe yuko kitandani hasemi, na yeye anafikiria blanketi.

Mwisho alimfuta jasho kwa gunia, kwa haraka. Akamtandikia blanketi, akafunga mikanda ya kifuani na kulegeza ya tumboni ili hewa ipite. Akamwambia neno la Kirundi ambalo halikuwa jina la ng'ombe yeyote. Kisha akapanda mlima mbio hadi barabarani kungoja teksi.

Hospitalini alimkuta Libérate kwenye benchi la korido, bado amevaa aproni ya saluni. Onesphore alikuwa wodini, kichwa kimefungwa bandeji, uso umevimba upande mmoja hata ukawa wa mtu mwingine. Alikuwa anapumua kama anayepanda mlima. Ladislaus alimshika mkono akamwita. Akamwita tena kwa jina la kwao. Hakuna.

Walikaa. Nesi alikuja akaenda. Libérate alisimulia yale aliyoambiwa na wenye maduka: kwamba Onesphore alisema nao kwa upole, kwa Kizulu, na pengine hicho ndicho kilichowaudhi zaidi. Jioni ilipoingia, dirisha la mwisho wa korido lilijipiga kwa nguvu. Ubaridi ukaingia kwa mkupuo mmoja, na baada yake mvua nyembamba isiyo na dalili ya kukoma. Watu wakafunga makoti.

Ladislaus alikuwa amesimama. Hakujua amesimama lini.

"Unaangalia nini?" Libérate aliuliza.

"Hakuna kitu."

Aliketi. Libérate alimtazama kwa muda, kisha akageuza uso ukutani.

Kulipokucha, daktari alisema hali ni ileile, wangojee. Libérate mwenyewe ndiye aliyemwambia aende. "Nenda ukatazame kazi yako, usije ukafukuzwa. Halafu urudi. Urudi leo." Alisema hivyo bila hasira. Ladislaus aliapa kurudi kabla ya jioni.

Alimkuta Gogo chini.

Alikuwa amelala kando ya ua, mgongo kwenye waya, miguu imechimba tope akijaribu kuinuka. Blanketi lilikuwa limezunguka tumboni, zito kwa maji, mkanda umekaza pale alipoulegeza. Chini yake manyoya yalikuwa yamelowa kutoka ndani. Tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Ernestina alikuwa amesimama nje ya ua na mwavuli, analia. Alikuwa ametoka mara kadhaa, akamwita, akamrushia majani, lakini mguu wake ulikataa kuvuka.

"Nilijua analia," alisema. "Sikuwahi kusikia farasi akilia."

Madam, ambaye Ernestina alimpata kwa simu alfajiri, alifika na daktari wa wanyama, macho yake mekundu kwa dawa. Daktari alipiga magoti topeni, akasikiliza tumbo, akashika ufizi. Hakuchukua muda. Alisema matumbo yamefunga, na kwa umri ule hakuna la kufanya. Ladislaus alimuuliza kilichosababisha, blanketi au baridi.

"Pengine joto la jana, hakunywa vya kutosha," alisema daktari. "Pengine baridi. Pengine ingemkuta wiki hii hata angekaa peponi." Akafungua mkoba.

Ladislaus alishika kichwa cha Gogo sindano ilipoingia. Kichwa kilikuwa kizito, halafu kikawa kizito kwa namna nyingine. Hapo kitu kikamkatika. Alilia kwa sauti, uso juu ya shingo ile iliyolowa, kama mwanamume wa kwao asivyolia mbele ya watu. Alilia kwa muda mrefu. Daktari alisogea mbali. Ernestina aliacha mwavuli ukaanguka.

Madam alingoja mpaka akanyamaza. "Ernestina ameniambia kuhusu ndugu yako," alisema. "Pole sana."

"Ni kaka wa mke wangu."

"Pole." Akatazama chini, akatazama blanketi lililokuwa bado limemzunguka farasi. Kisha akauliza, kama mtu asiyeweza kujizuia, "Ulimfunika saa ngapi?"

"Kabla ya kuondoka. Kukiwa bado na joto."

Madam alifunga macho. Hakumtukana. Alisema angefanya vivyo hivyo, au pengine asingefanya, hajui. Na kwamba aende kwa watu wake. Ladislaus alibaki akasaidia kumvuta mnyama hadi mahali pa kuchimba, kwa kuwa Ngidi hakuwepo na trekta lilihitaji watu wawili. Alipopata teksi jua lilikuwa limeshapinduka.

Chumba cha Overport kilikuwa kimejaa. Alisikia sauti za wanawake kabla hajafika mlangoni. Libérate alikuwa ameketi sakafuni, kanga kichwani, Félicité amemshika mabega. Aliinua uso akamwona mumewe mlangoni: magoti yenye tope, macho yamevimba, sauti imekauka.

"Nani amekuambia?" aliuliza.

"Kuniambia nini?"

Libérate alimtazama macho yale mekundu. Aliyaelewa polepole, kila mtu aliona akiyaelewa.

"Onesphore amekufa mchana," alisema. "Alifumbua macho kidogo. Hakukuwa na mwanamume hata mmoja wa kwao." Akapumua. "Na wewe ulikuwa unamlilia nani?"

Hata njiani, baadaye, neno halikumjia Ladislaus.

Walimzika Onesphore Jumamosi. Warundi walikuja, Wakongomani walikuja, walinzi wa magari walivaa vizibao vyao vya njano juu ya makoti. Wateja wawili wa Overport walileta maua. Ngidi alishuka kutoka Ixopo moja kwa moja, na udongo wa kaburi la dada yake ulikuwa bado kwenye viatu. Alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Polisi waliandika maelezo, na mambo ya polisi yakaishia kwenye kuandika. Libérate alilia hadi akashikwa. Iteka alilia. Ladislaus alisimama mkavu kama nguzo. Alitaka kulia. Aliyatafuta machozi kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, akijua alikuwa nao asubuhi. Wanawake walimwona, na Félicité, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema jambo kwa jirani yake, na jambo hilo likatembea jumuiya nzima kabla ya misa ya Jumapili.

Ngidi alimfuata kwenye lango la makaburi. "Mimi ningelikuwepo," alianza.

"Baba Ngidi, tafadhali," alisema Ladislaus, na wakapeana mikono yote miwili.

Wengi walidhani ataacha kazi ile. Libérate naye alidhani hivyo. Hakumwomba, lakini alingoja. Jumatatu Ladislaus alirudi vilimani.

Kilichofuata ndicho ambacho watu hawakukielewa. Majira ya baridi yaliyofuata, magoti ya Ngidi yalikuwa yamechoka, na Madam akamfanya Ladislaus mkuu. Sasa uamuzi ulikuwa wake peke yake: nani afunikwe, nani aachwe, lini. Na kwa kuwa aliwahi kuondoka mara moja, hakuweza tena kuondoka. Wingu likionekana upande wa bahari, hakushuka. Upepo wa moto ukianza, hakushuka. Alikaa kwenye ua na mablanketi, akishika shingo moja baada ya nyingine, usiku akiamka tena kuzishika. Madam mwenyewe alimwambia, "Ladislaus, nenda nyumbani, wako salama." Alijibu, "Ndiyo, Madam," akabaki. Farasi hawakupata shida yoyote mwaka ule. Wenye farasi wa mjini walimsifu.

Komunyo ya kwanza ya Iteka iliangukia Jumapili ya mwezi wa sita. Libérate alimshonea gauni jeupe, akamwambia mumewe wiki mbili kabla, akamkumbusha kwa simu. Jumamosi hewa ikapata moto. Jumapili alfajiri upepo ulikuwa unavuma kutoka milimani. Ladislaus alivaa suti, akaenda hadi lango. Akasimama pale. Akarudi kutazama mara moja tu, akarudi mara ya pili. Alipofika kanisani watoto walikuwa wamekwisha kutoka, wanapigwa picha kwenye ngazi. Iteka alimkimbilia kwa furaha. Mtoto hakuwa ameona kiti kitupu. Libérate alikuwa amekiona. Nyumbani alimpakulia chakula, nyama iliyonona, akamwekea na maji ya kunawa, kama anavyowekewa mgeni.

Jumapili iliyofuata alimsindikiza hadi chini ya ngazi, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Usishuke tena wakati wa baridi," alimwambia.

"Mama Iteka."

"Sikufukuzi. Nisikilize. Unakaa pale mezani, masikio yako iko kwenye dirisha. Mtoto anakusemesha, unamjibu upepo. Hiyo inaniumiza kuliko kutokukuona. Baridi ikiisha, ndipo uje. Uje mzima."

"Unafikiri nilimpenda yule mnyama kuliko kaka yako?"

Libérate alifikiri kweli kabla ya kujibu. "Hapana," alisema. "Lakini alikufa ukiwa naye. Kaka yangu hakuwa na bahati hiyo." Akapanda ngazi.

Ladislaus alimtii. Mwezi wa saba hakushuka nyumbani, wala wa nane. Alituma chakula kwa teksi, viazi na maziwa, na siku ya kufunga shule alituma viatu vya Iteka. Aliongea na binti yake kwa simu ya shambani, akasikia mlio wa sufuria nyuma na hakuuliza. Siku Onesphore alipotimiza mwaka tangu afe, alishuka hadi makaburini tu, peke yake, mapema, kabla ya wengine, na mtu wa kufagia pale anasema alikaa sana. Kama alilia au la, mtu huyo hakuangalia.

Mwezi wa tisa ukaja. Manyoya ya farasi yalianza kung'oka kwa vishungi, ndege wakayabeba kujengea viota. Ladislaus aliyavua mablanketi kwa mara ya mwisho, akayasugua, akayaanika juu ya ua mzima, na Jumapili akashuka mjini bila kutazama mbingu, au akijitahidi.

Iteka ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amerefuka. Chumba kilinukia ndagala, dagaa wa kwao, wa kukaanga.

"Mama, Papa amekuja!"

Libérate hakugeuka kutoka kwenye jiko. Aliwageuza dagaa kwenye kikaango, akapunguza moto.

"Mwambie avue viatu," alisema.